Lancashire 1907: Kikosi cha pili kilichotwaa ubingwa na kubaki palepale

KWA shabiki wa soka, hesabu ni nyepesi. Timu ikitwaa ubingwa wa daraja la chini, msimu unaofuata inapanda. Inaagwa kwa ngoma mtaani kwake, inakwenda kukutana na vigogo. Ikichemsha, inarudi ilikotoka.

Mwaka 1907 kikosi cha pili cha kriketi cha Lancashire, kaunti ya kaskazini magharibi mwa England, kilitwaa ubingwa wa daraja lake. Kilikuwa kikosi cha kwanza cha akiba kufanya hivyo tangu mashindano yale yaanze mwaka 1895. Ila hakikupanda popote, na wala hakukuwa na mahali pa kupanda. Vijana wale walirudi Old Trafford, uwanja wao wa jijini Manchester, wakaendelea kusubiri mtu wa kikosi cha kwanza aumie, azeeke au achemshe.

Hiyo ndiyo siri ya mashindano yale: timu ilikuwa haipandi. Aliyepanda ni mtu mmojammoja, na mlango wenyewe ulikuwa mwembamba kweli.

Ligi isiyo na ngazi

Kriketi ya England ya wakati huo iligawanywa kwa kaunti, mfano wa mikoa. Juu kulikuwa na Ubingwa wa Kaunti, mashindano ya daraja la kwanza. Mwaka 1907 yalikuwa na kaunti 16, zikiwamo Lancashire, Yorkshire, Surrey, Kent na Nottinghamshire. Mechi moja ilipangiwa siku tatu.

Chini yake kulikuwa na Ubingwa wa Kaunti Ndogo, ambako mechi zilichezwa kwa siku mbili. Humo walikutana watu wa aina mbili. Wa kwanza ni kaunti ambazo hazikuwa na hadhi ya daraja la kwanza, kama Durham, Norfolk, Staffordshire, Wiltshire na Cambridgeshire. Wa pili ni vikosi vya akiba vya wakubwa. Kwa hiyo Durham, wakiwa na kikosi bora kabisa walichonacho, wangeweza kukutana na vijana wa benchi wa kaunti kubwa na kutoka jasho.

Mwaka huo wa 1907 waandaaji walibadili mfumo. Timu ziligawanywa kwa kanda nne, vinara wa kanda wakacheza nusu fainali, kisha fainali. Lancashire wakapenya hadi mwisho na kubeba. Katika miaka yote tangu 1895 mpaka Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, hakuna kikosi kingine cha akiba kilichorudia hilo. Wengine wote walionyakua ubingwa walikuwa kaunti ndogo zenyewe.

Na hao kaunti ndogo nao walikuwa na kilio chao. Kushinda ligi hakukuwapa tiketi. Kaunti iliyotaka kupanda ilipaswa kwanza itafute kaunti kubwa za kutosha zitakazokubali kucheza nayo, nyumbani na ugenini. Yaani unapiga hodi, wakubwa wanaamua kufungua au kukaa kimya. Worcestershire walichukua ubingwa mwaka 1896, 1897 na 1898, wakafunguliwa mwaka 1899. Northamptonshire walibeba 1903 na 1904, wakafunguliwa 1905. Norfolk walikuwa miongoni mwa mabingwa wa mwaka wa kwanza kabisa, wakabeba tena 1905, 1910 na 1913, na hadi leo hawajaingia.

Kazi ya kibarua mwenye ndoto

Kwa mchezaji wa kikosi cha pili, kriketi ilikuwa mkate kabla ya kuwa sifa. Wengi walikuwa waajiriwa wa uwanja. Kabla ya mechi na baada ya mechi kulikuwa na kazi: kuvuta rola ya kusawazisha nyasi, kutengeneza eneo la kuchezea, na kuwarushia mipira wanachama wa klabu waliokuja kujifua kwenye nyavu za mazoezi. Mwanachama akiwa na hamu ya kupiga mipira jioni, kijana wa akiba ndiye aliyekuwa akirusha mpaka bega limuume.

Mishahara ililipwa majira ya kiangazi, wakati wa kriketi. Baridi ikiingia, wengi walilazimika kutafuta kazi nyingine hadi Aprili irudi. Mkataba wa mwaka mzima ulikuwa bahati.

Juu ya hapo kulikuwa na ubaguzi wa kitabaka ambao leo ungezua kelele. Wachezaji waligawanywa makundi mawili. Wa ridhaa, ambao walitoka familia zenye uwezo na rasmi hawakulipwa, waliitwa mabwana. Wa kulipwa waliitwa wachezaji tu. Viwanja vingi vilikuwa na vyumba tofauti vya kubadilishia nguo, na vingine hata mageti tofauti ya kuingilia kiwanjani. Kwenye karatasi za matokeo, jina la bwana liliandikwa kwa heshima zake na herufi za mwanzo za majina yake. Mchezaji wa kulipwa aliandikwa ukoo wake tu, basi. Na nahodha wa kaunti, kwa desturi, alitoka kwa mabwana. Utaratibu huo ulifutwa rasmi mwaka 1962.

Sasa piga hesabu. Kaunti 16 mara wachezaji 11 ni nafasi 176 katika daraja la kwanza kwa siku ambayo kila timu iko uwanjani. Toa nafasi za mabwana. Toa za wakongwe ambao hakuna wa kuwagusa. Zinazobaki ndizo zilizokuwa zikigombewa na vijana wote wa vikosi vya pili, wa kaunti ndogo na wa klabu za viwandani. Ndiyo maana mechi ya siku mbili mbele ya watazamaji wachache ilichezwa kama fainali. Pengine hakukuwa na mtu wa gazeti uwanjani, ila karani wa kaunti alikuwa anaandika namba, na namba hizo zilisomwa.

Hobbs: Miaka miwili ya kukaa mkao wa kula

Mtu aliyeonyesha njia ya kupita mlango ule ni Jack Hobbs, mzaliwa wa Cambridge wa mwaka 1882, mtoto wa kwanza kati ya 12. Baba yake alikuwa mtunza uwanja wa kriketi katika chuo kimoja cha mji huo. Mwaka 1902 mzee akafariki dunia, akiacha familia kubwa na kijana wa miaka 19 aliyejua kufanya kitu kimoja vizuri: kupiga mpira.

Essex waliombwa wamjaribu. Wakakataa hata kumtazama. Tom Hayward, nyota wa Surrey na England ambaye naye alitoka Cambridge, ndiye aliyemfanyia mpango wa majaribio kwenye uwanja wa The Oval, London, Aprili 1903. Surrey wakamchukua.

Lakini kuchukuliwa si kucheza. Sheria ya kaunti ilikuwa kali: kama hukuzaliwa katika kaunti, lazima uishi humo miaka miwili ndipo uruhusiwe kuiwakilisha kwenye daraja la kwanza. Hobbs akaanza kuhesabu siku. Alikaa Surrey, akacheza mechi za vijana na za klabu, akafanya kazi ya uwanjani.

Msimu wa 1904, huku bado anasubiri muda utimie, alipata upenyo. Kwa kuwa alizaliwa Cambridge, alikuwa na haki ya kuichezea Cambridgeshire katika Ubingwa wa Kaunti Ndogo. Akaenda, akawasha moto, akamaliza akiwa miongoni mwa wapigaji waliofanya vizuri zaidi katika mashindano hayo. Ule ndio uliokuwa msimu wake wa akiba: mechi za siku mbili, viwanja vya miji midogo, jina dogo kwenye kona ya gazeti.

Aprili 1905 miaka miwili ikatimia. Mechi yake ya kwanza ya daraja la kwanza ikawa dhidi ya kikosi cha mabwana wa England kilichoongozwa na W. G. Grace, mzee mwenye ndevu ambaye kwa Waingereza wa enzi hizo alikuwa kriketi yenyewe. Kijana akapata mikimbio 18 katika zamu ya kwanza, na 88 katika zamu ya pili.

Mwezi Mei akaingia kwenye mechi yake ya kwanza ya Ubingwa wa Kaunti. Wapinzani? Essex, haohao waliomfungia mlango. Akawapiga mikimbio 155. Nahodha wa Surrey, Lord Dalmeny, akamkabidhi kofia ya kaunti, alama kwamba mchezaji huyo sasa si wa kujaribiwa tena. Kazi ya miaka miwili ikalipwa kwa wiki chache.

Barnes: Aliyeshuka kwa miguu yake

Wakati Hobbs anapanda, jamaa mmoja alikuwa anashuka kwa hiari. Huyo ni Sydney Barnes, mrushaji ambaye wataalamu wengi wa kriketi wanamweka kileleni hata leo. Mwaka 1901 alikuwa akicheza ligi ya klabu za Lancashire, ile ya mechi za Jumamosi katika miji ya viwanda vya nguo. Nahodha wa England, Archie MacLaren, akamtazama akirusha kwenye nyavu za Old Trafford, akamchukua moja kwa moja kwenda naye ziara ya Australia. Watu walishangaa: huyu katokea wapi?

Aliporudi alicheza Lancashire kwa misimu miwili. Mwaka 1903 alikusanya wiketi 131, yaani aliwatoa wapigaji 131 wa timu pinzani katika msimu mmoja. Kisha yeye na klabu wakashindwana kwenye masharti. Barnes alikuwa mtu wa msimamo, mgumu wa maneno, anayejua bei ya mkono wake. Klabu ya ligi ilimtaka Jumamosi na kumlipa vizuri. Kaunti ilimtaka wiki nzima. Akagoma kusaini, akaondoka.

Lancashire hawakulia. Msimu wa 1904, bila yeye, walitwaa Ubingwa wa Kaunti bila kupoteza hata mechi moja. Barnes naye akaenda Staffordshire, kaunti yake ya kuzaliwa, kaunti ndogo. Huko akageuka balaa. Mwaka 1906 Staffordshire wakachukua Ubingwa wa Kaunti Ndogo. Wakachukua tena 1908 na 1911.

Angalia mwaka uliokaa katikati ya 1906 na 1908. Ni 1907, mwaka wa kikosi cha pili cha Lancashire. Waajiri wa zamani wa Barnes, tena wakiwa na vijana wao wa akiba, waliingia katikati ya mataji yake mawili. Kwa mashabiki wa Manchester waliokuwa wamechoshwa na jina lake, huo ulikuwa utamu wa pekee.

Hata hivyo Barnes alionyesha jambo ambalo wakubwa hawakupenda kulikiri: daraja la chini halikuwa na maana ya mchezaji wa chini. Kwa miaka mingi alichezea England mechi za Test, zile za taifa kwa taifa, huku nyumbani akiwa mtu wa kaunti ndogo. Ziara ya Afrika Kusini ya 1913-14 alitoa wapigaji 49 katika mechi nne tu, rekodi ya mfululizo mmoja ambayo haijavunjwa mpaka leo. Akirudi England, aliendelea na mechi zake za siku mbili na klabu yake ya Jumamosi.

Melbourne, Januari 1908

Miezi michache baada ya vijana wa Lancashire kubeba taji lao, England ilikuwa Australia kwa mechi tano za Test. Ya pili ilianza Melbourne siku ya mwaka mpya wa 1908. Humo ndani walikuwamo Hobbs, akicheza Test yake ya kwanza, na Barnes wa Staffordshire. Mmoja alitoka kaunti ndogo kwa kupanda, mwingine alitua England moja kwa moja kutoka kaunti ndogo.

Nahodha siku hiyo alikuwa Frederick Fane, mchezaji wa Essex, kaunti iliyowahi kumkatalia Hobbs majaribio. Dunia ndogo.

Hobbs alifungua kwa mikimbio 83. Barnes aliwatoa Waaustralia watano katika zamu yao ya pili. Mwisho England ilihitaji mikimbio 282 ili kushinda. Wapigaji wakaanguka mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki Barnes na mtu wa mwisho kabisa, Arthur Fielder wa Kent, mrushaji ambaye hakuna aliyemlipa apige. Zilibaki mikimbio 39. Mmoja kati yao akitoka, mechi imekwisha.

Hawakutoka. Waliokota moja moja, wakaiba nyingine, presha ikapanda kwa wenyeji. Mkimbio wa mwisho ulikuwa wa kamari: Waaustralia walidaka mpira na kuurusha kwenye vijiti, na kama ungegonga, England ilikuwa imeishia pale. Ulipita pembeni. England ikashinda kwa wiketi moja, Barnes akiwa na mikimbio 38 bila kutolewa.

Mechi ile ilikuwa jibu kwa yeyote aliyedhani mashindano ya kaunti ndogo ni ya kupotezea muda.

Waliobaki nje ya mlango

Lakini hadithi ya Hobbs na Barnes ni tamu kwa sababu walipita. Kwa kila Hobbs mmoja, kulikuwa na makumi ya wengine waliovuta rola, wakarusha mipira kwa wanachama, wakacheza mechi zao za siku mbili, na siku moja klabu ikawaambia asante. Hakuna mechi ya kuwaaga. Hakuna kofia. Walirudi kwenye viwanda vya pamba, migodi ya makaa, au kwenye klabu za Jumamosi kama walikuwa na bahati.

Wapo waliokataliwa kaunti moja wakatoboa kwingine. Percy Jeeves, kijana wa Yorkshire, alishindwa majaribio ya kaunti yake mwaka 1910. Akahamia Warwickshire, akasubiri muda wa ukaazi utimie, na mwaka 1913, msimu wake wa kwanza kamili, akachukua wiketi 106. Mwandishi P. G. Wodehouse alimwona akicheza na kulipenda jina lake, akampa mtumishi maarufu katika vitabu vyake. Vita ilianza Agosti 1914, Jeeves akajiunga na jeshi, akauawa Julai 1916 huko Somme, Ufaransa.

Vita haikuuliza nani wa kikosi cha kwanza na nani wa akiba. Kenneth Hutchings wa Kent, aliyepiga mikimbio 126 katika mechi ileile ya Melbourne, naye aliuawa Ufaransa mwaka huohuo. Ubingwa wa Kaunti Ndogo wa 1914 haukupata mshindi.

Katika msimu ule uliokatika, kikosi cha pili cha Yorkshire kilikuwa na kijana wa miaka 19 aitwaye Herbert Sutcliffe. Alikuwa amefika mlangoni kabisa, mlango ukafungwa kwa miaka minne. Alisubiri hadi 1919 ndipo alipoitwa kikosi cha kwanza, na hakurudi tena chini. Kuanzia 1924 alifungua zamu za England pamoja na Hobbs. Wawili hao, kila walipoanza pamoja katika Test, kwa wastani walikusanya zaidi ya mikimbio 87 kabla mmoja hajatolewa. Mpaka leo wengi wanasema hakuna jozi ya ufunguzi iliyowahi kuwafikia. Mmoja alipita kaunti ndogo 1904, mwenzake 1914.

Hobbs aliendelea hadi kukusanya zaidi ya mikimbio 61,000 katika daraja la kwanza, ambayo hakuna mwingine aliyeifikia, na mwaka 1953 akapewa heshima ya kuitwa Sir. Mtoto wa mtunza uwanja, mchezaji wa kulipwa ambaye zamani jina lake liliandikwa bila heshima yoyote.

Mlango ulivyopanuka

Mwaka 1959 vikosi vya pili vya kaunti kubwa vilianzishiwa mashindano yao wenyewe, na taratibu vikaachana na kaunti ndogo. Lancashire kabla ya kuondoka walikuwa wamegundua utamu wa taji lile: walilibeba mara saba kwa jumla, ya mwisho mwaka 1964.

Na kaunti ndogo? Durham, waliokuwa miongoni mwa mabingwa wa mwaka 1895, walipiga hodi mpaka wakachoka. Walifunguliwa daraja la kwanza mwaka 1992, miaka 97 baada ya taji la kwanza. Mwaka 2008 wakawa mabingwa wa kaunti zote za England.

Vijana wa Lancashire wa 1907 hawakuwa na ndoto ya namna hiyo. Kikosi chao hakingeweza kupanda hata kingeshinda miaka kumi mfululizo. Walijua hilo tangu mechi ya kwanza, na bado walicheza mpaka fainali na kushinda, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mechi yake nyingine pembeni ya ile ya timu: kupata jina lake kwenye orodha ya Jumatatu inayofuata.